Maswali na Majibu ya Jukwaani: Maikrofoni Inapopiga Mluzi

Barua za toleo hili, tofauti na kawaida, zimeelekea upande mmoja: ule mluzi mkali, au pengine mvumo mzito, unaozuka kwenye maikrofoni bendi inapokuwa jukwaani, na ambao mafundi mitambo wengi huuita fidibeki. Nimechagua saba, nikazipunguza pale zilipokuwa ndefu, na nimezipanga hivi kwa sababu jibu la kwanza linabeba mengi ya yanayofuata.

Ndugu Fundi, sisi ni bendi ya watu saba: waimbaji watatu, magitaa mawili, besi na dramu. Kila tunapopiga, nyimbo mbili za kwanza huenda vizuri, kisha waimbaji wanaanza kulalamika kwamba hawajisikii. Fundi mitambo wetu anawaongezea sauti kwenye monita, zile spika za jukwaani zinazowatazama wao, na hapo maiki zinaanza kulia. Tumebadilisha nyaya, tumebadilisha maiki mbili, na sasa baadhi yetu wanasema miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti zetu, ni mbovu. Je, tununue nyingine?

Ndugu msomaji, msinunue kwanza. Barua yako imekwisha kutaja chanzo cha tatizo bila wewe kukusudia: mluzi hauanzi pale mnapopanda jukwaani, bali pale waimbaji wanapoacha kujisikia. Miksa mbovu isingesubiri wimbo wa tatu.

Mluzi huu ni sauti inayozunguka. Sauti inaingia kwenye maikrofoni, inakuzwa na amplifaya, inatoka kwenye spika, na sehemu yake inarudi kwenye maikrofoni ileile iliyoipokea mwanzo. Ikiwa kinachorudi ni kidogo kuliko kilichoingia, mzunguko unajifia wenyewe na hakuna anayeutambua. Kikirudi sawasawa au kikiwa kikubwa zaidi, tena kikiwa kimeoana na wimbi la awali badala ya kupingana nalo, mzunguko hujilisha wenyewe, na hapo hata mwimbaji akinyamaza mlio unaendelea kukua mpaka amplifaya ifike ukomo wa nguvu zake. Wafaransa huuita mlio huo larsen, kwa jina la Søren Absalon Larsen, mwanafizikia wa Denmark anayetajwa kuwa ndiye aliyeeleza kanuni zake.

Piga hesabu kidogo uone kwa nini mkono wa fundi wenu haufiki kwa wakati. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Monita ikiwa mita moja na nusu kutoka kwenye maikrofoni, mzunguko mmoja hukamilika zaidi ya mara 200 katika sekunde moja. Kila mzunguko ukiongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida, mlio utakuwa umepanda kwa desibeli 40 kabla robo ya sekunde haijaisha. Kwa hiyo fundi mzuri hasubiri mluzi, bali husikiliza mikia ya maneno. Mzunguko unapokaribia ukomo, silabi ya mwisho ya kila mstari huburuza mlio mwembamba, kana kwamba mwimbaji yuko ndani ya bomba la chuma, na hapo ndipo pa kushusha.

Sasa turudi kwenye jukwaa lenu. Bendi ikishapata moto, mpiga dramu hupiga kwa nguvu zaidi, mpiga gitaa naye huongeza amplifaya yake ili ajisikie, besi inafuata, na mwimbaji anabaki amezama katikati. Anaomba monita iongezwe, nayo ikiongezwa sana kinachorudi kwenye maikrofoni kinazidi kinachoingia. Dawa basi si kumwongeza mwimbaji, bali ni kuwapunguza wenzake. Anzeni na amplifaya za magitaa. Mara nyingi huwekwa sakafuni, nyuma ya magoti ya mpigaji, na sauti yake kali hupita miguuni kwenda kwa hadhira wakati masikio ya mwenyewe yako mita moja na nusu juu. Ipandisheni juu ya kiti au stendi, iinamisheni itazame uso wa mpigaji, na mtashangaa: ataipunguza mwenyewe bila kuombwa. Mpiga dramu anaweza kutumia vijiti vyepesi au vile vya mafungu ya vijiti vyembamba. Kwenye monita ondoeni kila kisicho cha lazima, maana mpiga besi hana haja ya kusikia dramu kwenye monita ilhali dramu yenyewe iko hatua mbili nyuma yake.

Jambo la pili ni umbali kati ya mdomo na maikrofoni, na hapa ndipo ninapowasihi waimbaji kuliko mafundi. Kila umbali huo unapopungua kwa nusu, sauti inayoingia huongezeka kwa takriban desibeli 6. Mwimbaji anayeimba akiwa sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni, akisogea mpaka sentimita 5, amempa fundi desibeli 12 za bure, ambazo fundi anaweza kuzipunguza kwenye miksa na mzunguko ukapoa kwa kiasi hichohicho. Hakuna kifaa ninachokijua kinachotoa faida kubwa namna hiyo kwa kazi ndogo namna hiyo. Ni kweli kwamba maikrofoni nyingi za jukwaani huongeza besi ya sauti mdomo unapokaribia, lakini hiyo hukatwa kwa kitufe kimoja, nami nitakitaja nikifika kwenye barua ya nne.

La tatu, hesabuni maikrofoni zilizo wazi. Kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapoongezeka mara mbili, nafasi mliyonayo kabla ya mluzi hupungua kwa desibeli 3. Kutoka maikrofoni 2 hadi 8 mmepoteza desibeli 6 kabla hata mtu hajaimba. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza karibu saa nzima ya mazoezi nikiwinda mvumo usioeleweka, nikazungusha kila kitufe kilichokuwa mbele yangu, mpaka mtu mmoja akanionyesha maikrofoni ya akiba niliyoilaza juu ya kiti kando ya spika kubwa nikasahau kuifunga. Chaneli isiyotumika ifungwe, na mwimbaji wa kuitikia afunguliwe anapoitikia.

Mwisho, hakikisheni spika kuu zinazotazama hadhira zimesimama mbele ya mstari wa maikrofoni, si nyuma yake wala sambamba nayo. Hili halihitaji maelezo, ila bado ninaliona likikosewa.

Ndugu Fundi, niliambiwa monita iwekwe nyuma kabisa ya maikrofoni, yaani upande ule mkia wake unaotazama. Nimefanya hivyo kwa miaka na sikupata shida. Majuzi nimepata maikrofoni mpya, tena bora kuliko ile ya zamani, na monita ikiwa palepale inalia mapema zaidi. Imekuwaje kilicho bora kikawa kibaya?

Kwa sababu maikrofoni zako mbili hazina uziwi upande mmoja. Neno uziwi nalitumia kwa makusudi, kwani mtu anayepanga jukwaa anapaswa kuulizia kwanza upande ambao maikrofoni haisikii.

Maikrofoni ya kawaida ya mwimbaji husikia kwa umbo la moyo: mbele inasikia vizuri, pembeni inasikia kwa nusu, na nyuma kabisa, kwenye nyuzi 180, haisikii karibu chochote. Umbo hilo halikuja lenyewe. Mwaka 1939 mhandisi Benjamin Bauer wa kampuni ya Shure alifanikiwa kulipata kwa kutumia kiwambo kimoja tu, yaani ule utando unaotetemeshwa na sauti, kwa kuacha njia ndogo za kuingizia sauti nyuma ya kiwambo hicho, ili sauti inayotoka nyuma ifike pande zake mbili kwa wakati mmoja na kujifuta. Maikrofoni nyingi za mwimbaji unazozishika leo zinafuata wazo hilohilo.

Maikrofoni yako mpya, kwa maelezo yako, inaelekea kuwa ya umbo lililobanwa zaidi. Hii husikia eneo jembamba zaidi mbele, jambo ambalo ni zuri, lakini gharama yake ni kwamba hufungua sikio dogo nyuma kabisa. Uziwi wake umehamia pembeni kidogo, kwenye nyuzi 125 hivi kila upande kutoka mbele. Na zile zilizobanwa zaidi ya hapo, kwenye nyuzi 110 hivi. Monita yako sasa imekaa mbele ya hilo sikio dogo.

Unaweza kuweka monita mbili, moja kulia na nyingine kushoto, kila moja ikiwa imesogea nyuzi 55 hivi kutoka kwenye mstari wa mkia. Lakini kuna njia nyingine ambayo wengi huisahau, kwa kuwa michoro ya vitabuni huonyesha jukwaa kama linavyoonekana kutoka juu, ilhali monita iko sakafuni na maikrofoni iko hewani. Ukiilaza maikrofoni yako mpya iwe sambamba na sakafu, monita iliyo mbele yako chini itakuwa imejitenga na mkia wake kwa nyuzi 45 hadi 55 kwa kwenda chini, na hapo ni karibu sana na eneo la uziwi. Ile ya zamani ilitaka kinyume chake: kichwa kielekee juu mdomoni na mkia uishukie monita moja kwa moja.

Kama huamini karatasi iliyokuja na maikrofoni, ijaribu. Punguza spika zote, vaa hedifoni, mwombe mtu azungumze kwa sauti ile ile huku akiizunguka maikrofoni kwa umbali wa mita moja. Pale sauti yake inapofifia na kuwa kama inatoka chumba cha pili, weka alama sakafuni. Hapo ndipo penye monita yako.

Shikamoo Fundi. Mimi nafoka, na napenda kuishika maikrofoni kwa kichwa chake kwa sababu ndivyo mkono unavyokaa vizuri. Fundi wetu ananigombeza kila mara. Je, ananionea?

Marahaba. Hakuonei. Zile njia ndogo nilizozitaja kwenye jibu lililotangulia ziko hapohapo chini ya wavu, mahali kiganja chako kinapofunika. Ukizifunika, sauti haiingii tena kwa nyuma, kwa hiyo haina namna ya kujifuta, na maikrofoni yenye sikio la mbele tu inageuka kuwa na masikio pande zote, ikiwemo upande wa monita. Zaidi ya hayo, kiganja kilichokunjwa hutengeneza kijichumba chenye mlio wake, nao mzunguko huupenda mlio huo. Maneno yako pia yanakuwa na ukungu, na katika kufoka maneno ndiyo kazi yenyewe.

Shika mwili wa maikrofoni, wavu ubaki wazi. Na ukimaliza mstari wako usiushushe mkono ukauacha ukining'inia, kwani kichwa cha maikrofoni kitakuwa kinaitazama monita uso kwa uso. Hata ukingo mpana wa kofia huweza kurudisha sauti ya monita kwenye maikrofoni, jambo ambalo niliwahi kulicheka mpaka siku nilipomwomba mwimbaji avue kofia na mluzi ukakoma.

Ndugu Fundi, mimi ni fundi mitambo mwanafunzi. Nina ikwalaiza ya vitelezi 31, kila kimoja cha kupandisha au kushusha eneo lake la sauti, kutoka nzito hadi nyembamba. Kabla ya onyesho huwa napandisha sauti mpaka maikrofoni ilie, natafuta kitelezi kinachohusika, nakishusha mpaka chini, kisha naendelea na mlio unaofuata. Nikimaliza, vitelezi zaidi ya nusu vimeshuka na waimbaji wanasikika kama wako kwenye simu. Nakosea wapi?

Njia yako ni sahihi, ila umepitiliza mara mbili: kwa kina cha kushusha na kwa idadi ya vitelezi.

Vitelezi 31 vinagawana sauti zote kuanzia hezi 20 (yaani mitetemo 20 kwa sekunde) hadi hezi 20,000, kila kimoja kikishika theluthi ya oktavu. Vinapakana, na kila kimoja hugusa eneo la jirani yake. Ukishusha vitelezi vitatu vilivyofuatana mpaka chini hujaondoa milio mitatu. Umechimba shimo pana ambamo nusu ya sauti ya mwimbaji imetumbukia. Na ukishusha karibu vyote, umefanya kazi ambayo kitelezi kimoja cha sauti kuu kingeifanya vizuri zaidi, yaani umepunguza sauti yote.

Fanya hivi. Anza na ikwalaiza ikiwa imenyooka, bendi ikiwa kimya, maikrofoni zote za onyesho zikiwa wazi na kila moja ikiwa mahali pake pa kweli. Kwenye kila chaneli ya mwimbaji bonyeza kile kitufe kinachokata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 au 100. Sauti ya mwimbaji haina cha maana huko, lakini mingurumo ya jukwaa, hatua za miguu na besi inayovuja vinapita humo. Kisha pandisha monita moja, polepole, huku mtu akisema maneno machache mbele ya maikrofoni. Usingoje mluzi wenyewe. Ngoja ule mkia wa mlio nilioueleza juu. Shusha kitelezi chake kwa desibeli 3. Pandisha tena. Ukirudi mlio uleule, ongeza desibeli 3 nyingine. Ukija mlio mwingine, ushughulikie kwa namna hiyohiyo. Ukifika mlio wa nne au wa tano, simama, kwa sababu kuanzia hapo utaona milio ikija miwili miwili, na hiyo ni ishara kwamba eneo zima limefika ukomo na ikwalaiza haina tena msaada. Sasa rudisha sauti nzima chini kwa desibeli 6. Hiyo ndiyo akiba yako ya usiku mzima, na mwimbaji akiiomba, usimpe. Mpunguzie mpiga gitaa.

Kutambua kitelezi ndiko kunakowasumbua wengi. Mvumo mzito unaotikisa kifua uko kwenye hezi 125 hadi 250. Ule unaosikika kama mtu anapuliza mdomo wa chupa uko kati ya 250 na 500. Ule wa puani, 500 hadi 1,000. Mluzi wa kawaida wa mdomo, 1,000 hadi 2,000. Na ule unaochoma masikio uko juu ya hapo. Kama sikio bado halijazoea, mtumie mpiga kinanda wenu, ambaye anao ujuzi huo tayari bila kuujua. Mwambie autafute mlio kwenye kinanda. Noti ya A iliyo juu ya C ya katikati ni hezi 440, na kila oktavu kupanda huongeza idadi hiyo mara mbili: 880, 1,760, 3,520. Akikuambia "ni A ya tatu kutoka hapo, ukianza na ile ya katikati", unajua ni 1,760, na mkono wako unakwenda kwenye kitelezi cha 1,600 bila kupapasa. Nimeona mafundi wachanga wakipata ufundi huo ndani ya wiki chache kwa kujifunza na wanamuziki wao, na hata gitaa linafaa, kwani uzi wa tano ukipigwa wazi hutoa hezi 110.

Kama miksa yako ni ya kidijitali na ina ikwalaiza ya kuchagua upana wa eneo, tumia hiyo kwa milio sumbufu, maana inakata pembamba zaidi. Lakini pasiwe pembamba kama sindano. Ukumbi ukipanda joto kutoka nyuzi 20 hadi 30, mwendo wa sauti huongezeka kutoka mita 343 hadi takriban 349 kwa sekunde, na mlio uliokuwa hezi 2,000 unaweza kuhama kwa hezi 35 hivi. Ukiwa umekata pembamba kupita kiasi, umeuacha mlio nje ya mtego.

Kuna jambo moja hukuliuliza lakini nalishuku: kompresa, kifaa kinachobana sauti inapokuwa kubwa. Kama umeiweka kwenye chaneli ya mwimbaji na ukaongeza sauti yake ya kutokea ili kufidia kile inachobana, basi mwimbaji anapoimba kwa nguvu kompresa inabana na hali ni shwari, ila anaponyamaza inaachia, na ile nyongeza yote inabaki wazi. Mluzi unaozuka kati ya wimbo na wimbo, wakati hakuna anayeimba, mara nyingi umetoka huko. Kwenye monita mimi siiweki kabisa.

Ndugu Fundi, napiga gitaa kavu nililoliunganisha kwenye miksa kwa waya, bila maikrofoni yoyote mbele yake, na bado linavuma. Inawezekanaje mvumo utokee pasipo na maikrofoni?

Maikrofoni unayo, ni gitaa lenyewe. Sanduku la gitaa kavu limeundwa liitikie mitetemo: hewa iliyo ndani huitikia zaidi karibu na hezi 100, na ubao wa juu karibu na hezi 200. Spika ikitoa sauti za maeneo hayo, ubao unatetemeka, nyuzi zinatetemeka nao, kinasio kilicho chini ya daraja kinapeleka mtetemo huo kwenye miksa, na mzunguko umekamilika.

Ziba tundu la gitaa kwa kile kifuniko cha mpira kilichotengenezwa kwa kazi hiyo; sauti ya gitaa kwenye spika haitabadilika sana kwa sababu kinasio hakisikilizi tundu. Kata kidogo kwenye eneo linalovuma. Kama kwenye kiboksi cha gitaa kuna kitufe cha kugeuza wimbi juu chini, kibonyeze na usikilize: mvumo unahitaji wimbi linalorudi lioane na lililotoka, na kitufe hicho huvuruga kuoana huko. Usishangae ukikibonyeza jioni moja kikasaidia na nyingine kikaharibu. Kimetegemea umbali kati yako na spika. Na usisimame mbele ya amplifaya ya besi.

Ndugu Mhariri na Fundi, zipo mashine zinazosemekana kuua mluzi zenyewe. Kwa nini mnatuhangaisha na vitelezi na nyuzi za pembe, badala ya kutuambia tuzitumie hizo?

Zipo, nami ninazitumia, lakini nazifungua mwisho. Zile za kawaida husikiliza mlio mmoja unaokua bila kubadilika, zikishauona huuchimbia kishimo chembamba cha kuukata. Tatizo ni kwamba noti ndefu ya gitaa la solo, au ya filimbi, au ya mwimbaji aliyeishikilia pumzi yake, kwa mashine inafanana na mluzi, na inaweza kukatwa katikati ya utamu. Mashine nyingi zina vishimo vya kudumu na vingine vya muda. Vile vya kudumu vitege wakati bendi imenyamaza kabla ya onyesho, halafu vya muda viwe vichache. Ukikuta vyote vimekwisha kutumika kabla ya nusu ya onyesho, basi mashine inakuambia kwamba kuna maikrofoni inayotazama spika.

Zipo pia zinazohamisha sauti yote kwa hezi chache. Manfred Schroeder alilieleza jambo hilo katika makala ya mwaka 1964: sauti ikihamishwa kwa hezi 5 hivi kila inapopita, wimbi linalorudi haliangukii tena mahali palepale, kwa hiyo haliwezi kujilimbikiza, na unapata desibeli chache za nyongeza. Kwa mzungumzaji kwenye jukwaa la hotuba ni jambo zuri. Kwa bendi sipendekezi, kwani hezi 5 kwenye noti ya hezi 110 ni karibu nusu toni nzima, na mpiga besi wenu ataulizwa kwa nini hakukaza nyuzi.

Mahali ambapo ningeelekeza juhudi kabla ya mashine hizo ni monita za masikioni. Spika ikiingia ndani ya sikio la mwimbaji, hakuna tena njia ya sauti ya monita kurudi kwenye maikrofoni, na sehemu kubwa ya barua za leo isingeandikwa. Zina usumbufu wake: mwimbaji hujihisi amefungiwa mbali na watu, na asipokuwa mwangalifu atasikiliza kwa kiwango kinachoumiza masikio. Hata hivyo, mwimbaji mmoja tu akizivaa, monita moja imeondoka jukwaani na waliobaki wote wamepata nafuu.

Fundi, swali fupi. Mluzi ukizuka katikati ya wimbo na sijui umetoka maikrofoni gani, niguse nini kwanza?

Usiguse kitelezi cha sauti kuu mpaka chini, kwa sababu utaizima bendi nzima mbele ya watu. Gusa kile ulichokigusa mwisho, maana mara nyingi ndicho kilichouleta. Kama hukugusa kitu, tazama jukwaani kabla ya kutazama miksa: kuna mtu amesogea, ameinama, au ameshusha maikrofoni. Shusha chaneli yake kwa desibeli 3 hadi 6, si zaidi. Kama humwoni, shusha monita zote kwa kiasi hichohicho. Hadhira haitatambua, waimbaji watatambua kidogo. Mluzi ukikoma, acha beti zima lipite kabla hujarudisha chochote, kisha rudisha nusu ya ulichoshusha.